Macho ya Mama Mkwe, Kabla ya Treni

Kwa karibu miaka miwili baada ya kuolewa niliamini kwamba mama mkwe wangu hanipendi. Tulikaa nyumba moja kule Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, nyumba ya kampuni ya mgodi yenye vyumba vitatu na ua mdogo wa nyuma: mimi, mume wangu na yeye. Ndani ya nyumba alikuwa mtu mzuri. Aliniita mwana wangu, akanigawia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kabla ya kujigawia mwenyewe, na nilipougua malaria alikaa ukingoni mwa kitanda akinipepea kwa kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Lakini tukikutana nje alinipita kama hanijui. Mara ya kwanza nilidhani ana mawazo mengi. Mara ya tatu nilikuwa natoka shuleni, ambako nilifundisha darasa la pili, naye akanijia uso kwa uso kwenye kona ya kanisa. Aliniangalia kabisa, akapita. Nilibaki nimesimama pale na madaftari ya watoto mikononi.

Mimi ni mtu wa kaskazini mwa Katanga. Baba yangu alishuka Kolwezi kutafuta kazi ya ukarani, akaipata, akabaki. Familia ya mume wangu asili yao ni Kasai, jimbo jirani. Mama mkwe alifika huku akiwa amebebwa mgongoni, wakati baba yake alipoletwa kuchimba shaba, kwa hiyo Kasai yenyewe aliijua kwa kusimuliwa tu. Nilipokuwa msichana mambo hayo hayakuwa na uzito. Watu walioana, walizikana, waliimba kwaya moja. Lakini tulioana mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kila kitu kilikuwa kinaanguka. Mishahara ilichelewa, mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, na maneno yakaanza kuzagaa mjini kwamba watu wa Kasai wamechukua kazi za wenyeji, kwamba warudi kwao. Basi nilipopitwa barabarani nilisema moyoni: ameona mimi ni wa upande ule.

Nilimwambia mume wangu siku moja, "Mama yako ananidharau."

"Mama? Mama haiko mutu wa vile," alisema, akaendelea kukata kucha. Sikulileta tena neno hilo.

Kisha mambo yakageuka kuwa mabaya kweli. Vijana walikaa kwenye njia panda na fimbo. Nyumba kadhaa za watu wa Kasai mtaani kwetu zilipigwa alama ya chokaa mlangoni. Mume wangu alikuwa karani wa ghala la vipuri, na siku moja alirudi mchana akiwa na kikombe chake cha kazini na rula yake ya chuma. Akaviweka mezani taratibu. "Wamesema nisirudi," alisema. Stesheni ilikuwa imejaa familia zilizokuwa zikilala juu ya magodoro na masanduku zikisubiri treni ya kwenda Kasai. Nasi tukaandikishwa kwa wazee wa parokia waliokuwa wakipanga orodha za kuondoka. Mama yangu mzazi alikuja kuniuliza kama nitabaki. Nikamwambia mume wangu ni mume wangu. Alilia kidogo, akaniachia kikwembe chake kipya.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shuleni mapema, saa nne asubuhi, maana watoto walikuwa wachache mno darasani. Nikamkuta mama mkwe uani. Alikuwa ameshika karatasi karibu na sikio lake, kichwa amekigeuzia ukuta, kama mtu anayesikiliza karatasi inasema nini. Aliposikia hatua zangu aliikunja haraka.

"Nisomee hii," alisema. "Mwangaza haiko muzuri."

Jua lilikuwa limetuangukia wote wawili. Nilisoma. Ilitoka parokiani: familia zetu ziwe tayari katika muda wa majuma matatu, kila mtu na mzigo mmoja. Nilipomaliza nilisimama mbele yake kimya. Akasubiri, kisha akauliza, "Umeenda?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Mama," nilisema, "unaniona?"

"Naona kitambala yako," alisema. "Naona mabega. Naona miguu. Lakini hapa," akaweka kiganja mbele ya uso wake, "hapa katikati hamuna kitu. Ni kama moshi. Nikiangalia mutu, kichwa inapotea."

"Tangu lini?"

"Mbele ya ndoa yenu. Siku mulioana niliona robe yako nyeupe. Sura yako, mwana, mi sijaiona hata siku moja."

Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. Nikamweleza habari ya kona ya kanisa, na mara zile nyingine zote. Alinisikiliza akiwa ameinama. Kisha akaanza kucheka, cheko la chini, la mtu anayejionea haya.

"Na mi nilisema njo weye," alisema. "Nilisema, huyu bibi wa Katanga, mu nyumba ananisalimia juu bwana yake iko, lakini inje, batu bananiambia, ananipita bila hata jambo."

Nilikuwa kweli nimeacha kumsalimia. Baada ya ile mara ya tatu, kila nilipomwona kwa mbali nilifunga mdomo nikapita kwa kiburi. Kama ningesema jambo moja tu angenijua kwa sauti. Tulikaa uani sisi wawili, miaka miwili ya kununiana ikiwa imelala kati yetu bila kazi, na nilimshukuru Mungu kwamba tumeijua kabla ya kupanda treni ile.

Nilimuuliza kwa nini alificha. Jibu lake sijalisahau. "Mutu mwenye haoni, siku ya kukimbia, banamuacha ku njia."

"Nani atakuacha?"

"Sijui. Batu banabadilika."

Palikuwa na muuguzi mmoja aliyesali kanisa moja na mama yangu. Alifanya kazi katika hospitali ya misheni upande mwingine wa mji. Jumapili iliyofuata nilimfuata nje ya kanisa nikamweleza. Akasema tuna bahati, maana daktari wa macho anakuja kutoka Lubumbashi baada ya siku kumi, kwa siku mbili tu, na ataliweka jina la mama mkwe kwenye orodha yake. Hakuuliza mama mkwe ni mtu wa wapi. Alikwishaliandika jina, na jina lilijisema lenyewe.

"Lakini musikuye bure bure," aliniambia. "Ule munganga atakuwa na batu mingi sana. Mutu anafika, anasema macho inaniuma, basi, wakati wake inaisha. Weye ni mwalimu. Tayarisha mama yako kama vile mutoto wa kwenda ku egzame."

Akanieleza cha kutayarisha. Nijue jicho lipi ni baya zaidi, na ilianza vipi. Nijue dawa zote anazomeza, na ugonjwa wowote alio nao. Nijue kama baba au mama yake walipofuka uzeeni. Tuje na miwani yake ya zamani, hata iliyovunjika. Maswali tuyaandike, maana mbele ya daktari mtu husahau. Na asije peke yake, kwa sababu watamtia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baadaye hataona vizuri na jua litamchoma. Tuchukue kofia au mwavuli.

Zile siku kumi zilikuwa za hofu, lakini nikizikumbuka leo nazikumbuka kama siku nzuri. Mume wangu hakuweza kutoka tena, kwa hiyo alishinda ndani akishona mifuko ya safari kutoka kwenye magunia. Mimi na mama mkwe tulikaa karibu na dirisha la sebule na daftari la shule. Nilimfunika jicho la kushoto kwa mwiko mkubwa wa kusongea bukari, ugali wetu, nikamwambia aangalie nondo za dirisha.

"Zimekunjama," alisema. "Mbona bwana yako ameacha watu bakunje fere ya dirisha?"

Mume wangu akainua kichwa. "Mama, iko moja kwa moja."

"Basi hapa kwangu zimekunjama. Na katikati zimekatika."

Tukafunika la kulia. Kwa la kushoto nondo zilikuwa zimepinda kidogo, lakini hazikukatika. Niliandika: kulia ni baya kuliko kushoto. Aliuliza nimeandika nini, nikamsomea, akaridhika kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vizuri.

Habari ya baba yake ilichukua mchana mzima. Alisema marehemu alipozeeka alikuwa akitafuta mlango kwa mikono, na akimwaga maji nje ya kikombe, na ndugu zake walisema amerogwa na mtu wa kazini. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemwongoza mpaka alipokufa. "Nilikuwa nakasirika naye," alisema. "Nilimwambia, tata, fungua macho basi. Andika na ile."

Sikujua daktari angefanya nini na maneno hayo, lakini niliyaandika.

Dawa zake zilikuwa ni vidonge vya presha tu, alivyomeza vilipopatikana. Pakiti tupu alikuwa ameiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Miwani ilikuwa jozi mbili: moja yake, yenye mkono uliofungwa kwa uzi, na nyingine ya marehemu baba mkwe, ambayo alikuwa akiijaribu kwa siri akidhani labda mwenyewe aliiacha na nguvu ndani yake. Vyote tukavifunga ndani ya leso.

Kisha maswali. La kwanza lilikuwa lake: je, nitaingia katika giza kabisa? La pili: ni moshi wa makaa ndio umefanya hivi, au ni machozi, maana alimlilia sana mume wake. La tatu aliniambia niandike, akaniambia nifute, akaniambia niandike tena: mtu asiyeona sura za watu anaweza kusafiri kwa treni siku nyingi katikati ya watu asiowajua?

Siku ya kwenda, tatizo letu lilikuwa njia. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mji, na kati yetu nayo vijana walikuwa wamefunga njia kwa mapipa. Mimi ningepita kwa sababu ya Kiluba changu cha kaskazini. Yeye, akifungua mdomo tu, wangejua. Tulipanga asiseme neno, nimwite shangazi yangu, niseme ni mgonjwa.

Tulikuwa tunafunga mlango jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alipokuja na baiskeli. Mtu huyu tulimwogopa. Alikuwa dereva mstaafu wa magari makubwa ya mgodi, mwenyeji, mzito wa kusema, na vijana wale wa kwenye mapipa walifika kwake mara nyingi kukaa barazani. Tulipoona alama za chokaa milangoni, mume wangu alikuwa amemtaja yeye kuwa ndiye aliyewaonyesha vijana nyumba zetu. Nilihisi mikono ya mama mkwe ikinishika nguo.

"Nimesikia mama anaenda ku hospitali," alisema.

Sikujua ni nani aliyemwambia. Nikasema, "Ndiyo, tata."

"Apande hapa nyuma. Weye utembee upande. Nitasukuma."

"Tata, usijisumbue."

"Apande."

Alikuwa amefunga blanketi iliyokunjwa juu ya kiti cha mizigo. Mama mkwe alipanda kwa upande, akashika tandiko, mimi nikamshika kiuno, na tukaenda hivyo kupitia mji mzima. Kwenye mapipa vijana walisimama. Mmoja alianza kuuliza huyu mama ni wa nani. Jirani hakusimama. Alisema, "Ni jirani yangu, ni mugonjwa," kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, na pipa likasogezwa. Alitufikisha mpaka kwenye geti la hospitali, akaegemeza baiskeli kwenye mti, akakaa chini. Alitusubiri hapo hadi jioni. Kurudi ilikuwa hivyo hivyo. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya vile. Nilipojaribu kumshukuru alisema baiskeli yake ilikuwa haina kazi.

Daktari alikuwa mtu mdogo, mwenye macho mekundu ya uchovu. Foleni ilizunguka jengo. Walimpima kwa ubao wa alama, wakamtia matone, tukakaa kivulini saa nzima na mwavuli juu ya kichwa chake ingawa kulikuwa na paa. Tulipoingia daktari alianza kuuliza kwa haraka, nami nikamfungulia daftari. Aliusoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Akasogeza kiti.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mwana wangu," alisema mama mkwe, na kidole chake kilinielekea sawasawa.

Daktari alimwangalia ndani ya macho kwa taa, moja moja, bila haraka. Kisha akatueleza kwa Kiswahili cha polepole. Haikuwa mtoto wa jicho. Ingekuwa mtoto wa jicho, alisema, angempasua wiki hiyo hiyo. Nyuma ya jicho kuna mahali padogo pa kuona vitu vilivyo mbele kabisa, herufi, sura, uzi wa sindano, na pale ndipo palipochakaa kwa umri. Huenda baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo, maana hufuata ukoo. Si uchawi, si moshi, si machozi. Dawa ya kupatengeneza hana, na miwani haitasaidia sana.

"Na giza?" aliuliza mama mkwe.

"Giza kabisa, hapana, mama. Katikati itazidi kupotea. Pembeni itabaki. Utatembea, utapika, utaona mutu anakuja. Nondo zenu za dirisha, hiyo njia ni nzuri. Kila juma funika jicho, angalia. Siku utaona zimekunjama sana kwa mara moja, tafuta munganga upesi."

Halafu akamfundisha jambo ambalo hatukulijua. Alimwambia asiangalie kitu chenyewe. Aangalie kando yake kidogo, juu au pembeni, na atafute mwenyewe ni upande gani wa jicho lake bado una nguvu. Alimshika kidevu, akakigeuza taratibu, akaweka kalamu mbele yake. "Sasa?" Hakuona, kwa sababu ya matone. "Utajaribu nyumbani," alisema. "Kila siku."

Kuhusu treni alifikiri kidogo. Akasema, "Asikae peke yake. Mengine ni ya Mungu." Akampa mkono. Foleni nyuma yetu ilikuwa bado ndefu, naye alikuwa ametupa muda wa watu watatu.

Alijaribu kila siku. Alikaa uani akiangalia ukuta, ndoo, kuku wa jirani, akigeuza kichwa kama ndege. Siku ya nne nilikuwa nachambua mchele mbele yake aliposema nisitikisike. Alikuwa ameelekeza uso kwenye bomba la maji, mbali kabisa na mimi.

"Uko na kishimo hapa ku shavu," alisema polepole. "Ya kushoto. Na pua ya mama yako."

Niliweka ungo chini.

"Bwana yako aliniambia umepita dada zake kwa uzuri." Bado alikuwa anaangalia bomba. "Haiko uongo kabisa."

Mume wangu alicheka kutoka ndani, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia cheko lake tangu afukuzwe kazini.

Treni yetu iliondoka mwisho wa juma la tatu. Sitaisimulia yote. Tulikaa ndani ya behewa la mizigo siku nyingi, na walikuwamo walioingia nasi ambao hawakushuka nasi, wengi wao wadogo na wazee. Yeye alishuka. Safari nzima alikaa akiwa ameelekeza uso kwenye ubao wa behewa, na watu walidhani amechanganyikiwa, kumbe kutoka pembeni mwa jicho lake alikuwa anatuona sote. Ndiye aliyeona mwanamke aliyekuwa karibu na mlango akiyumba kwa homa, akamwambia mume wangu amshike kabla hajaanguka nje.

Kasai tulipokelewa katika mji mdogo, kwa jamaa ambao hata mama mkwe hakuwajua. Waliicheka lugha yake, wakasema anasema Kiluba cha Kasai kwa mdomo wa Kiswahili. Mimi hawakunicheka. Kwenye chemchemi ya maji mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba wale waliotufukuza sasa wanatufuata mpaka huku kunywa maji yetu. Wengine wakaitikia. Nilijaza ndoo yangu, nikaenda nyumbani, na sikumwambia mtu. Lakini mama mkwe alikuwa pale, chini kidogo, akifua. Sura za wasemaji hakuziona. Sauti alizisikia.

Mchana huo alijifunga kikwembe, akashika fimbo, akaniambia nimfuate bila kuuliza. Aliuliza nyumba kwa nyumba hadi akaisikia sauti ile ikisema karibu. Akaingia, akasalimia kwa heshima, akaomba kiti. Alikaa uso ameuelekeza kando, kama alivyofundishwa na daktari. Kwa lugha yao, ambayo nilikuwa nimeanza kuielewa, alisema:

"Huyu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wakati kule kwetu kulipowaka moto. Huyu ndiye aliyeacha mama yake akapanda treni pamoja nami. Nimekuja mjue sura yake, maana mimi ilinichukua miaka miwili kuijua."

Mwanamke yule alimletea maji ya kunywa, mama mkwe akanywa, tukaondoka.

Kesho yake kwenye chemchemi mwanamke yule alinipisha mbele yake. Ilichukua mwezi mwingine kabla hatujazungumza. Alipita nyumbani kwetu nikiwa nahangaika na sufuria, akaona bukari yangu ya mahindi matupu, akaniambia huku hawapiki hivyo. Akaenda kwake, akarudi na unga wa muhogo kwenye kibakuli, akapiga magoti kwenye moto wangu na kunionyesha jinsi ya kuuchanganya na wa mahindi. Mama mkwe aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, akitembea mwenyewe kanisani na shambani, na huo ndio ulikuwa ugali alioupenda. Bado naupika hivyo.